Miezi mitano nikimsubiri daktari wa shingo, na hakuna aliyeniambia nisubirije

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Chang'ombe hapa Dodoma mjini. Nashona tangu mwaka 2003, zaidi sare za shule, na msimu wa sare ukipita nashona vitenge vya harusi na vya misiba. Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie suala la kumsubiri daktari bingwa. Barua ni ndefu, najua. Nimeiandika kwa siku nne kwa sababu mkono wangu wa kulia bado hauvumilii kalamu kwa muda mrefu, na kila nilipoishika tena niliona kuna jambo nimeliruka.

Anayeshona sare anajua Desemba ilivyo. Wazazi wanaleta vitambaa wakati shule zinakaribia kufunguliwa, na kila mmoja anataka vya mwanawe vitoke kwanza. Desemba ya mwaka juzi nilikuwa nakaa kwenye cherehani tangu alfajiri hadi saa nne usiku, kichwa kimeinama, macho kwenye sindano. Shingo ikaanza kukaza upande wa kulia, chini ya kisogo. Nikasema nimelala vibaya. Nikakandwa kwa maji ya moto na chumvi, nikachuliwa, nikaendelea na kazi maana kaptula za watoto wa watu zilikuwa hazijapindwa.

Katikati ya Januari maumivu yakashuka begani, yakapita mkononi hadi kwenye kidole gumba na cha shahada. Nikigeuza shingo kulia inapiga kama shoti ya umeme, mpaka naachia kitambaa. Kisha vile vidole viwili vikaanza kufa ganzi. Fundi mzoefu hutunga uzi kwa vidole kuliko kwa macho, nami nikawa nashindwa kutunga uzi. Pini ikilala mezani siwezi kuiokota, naisukuma hadi ukingoni ndipo naidaka kwa mkono wa kushoto. Siku moja nilikuwa naweka kola kwenye shati jeupe la mtoto wa darasa la kwanza, nikaona doa jekundu linatanuka kwenye kola. Sindano ilikuwa imenichoma kidole cha shahada, na mimi nimejua kwa kuona damu. Nilisimamisha cherehani nikakaa naitazama ile kola. Hapo ndipo nilipoogopa.

Zahanati walinichoma sindano ya diklofenaki wakanipa na vidonge vya siku tano. Nikapata nafuu ya wiki moja. Nikarudi, nikapelekwa kituo cha afya, kutoka hapo hospitali ya mkoa. Kadi yetu ya CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ambayo wakati ule ilikuwa ya shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, ilinifikisha hapo. Nashukuru ilinifikisha, maana bila hiyo hata hapo nisingefika. Nilipigwa picha ya eksirei, nikaambiwa mifupa haina tatizo kubwa, ila eksirei haionyeshi mishipa ya fahamu, kwa hiyo nimwone daktari bingwa wa mishipa ya fahamu na uti wa mgongo katika hospitali nyingine kubwa zaidi. Hospitali hiyo sitaitaja. Sikuandika barua hii kumchongea mtu, na wagonjwa wenzangu niliokutana nao wakitoka mikoa mingine wananiambia kwao ni hivyo hivyo.

Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza ya Machi. Tarehe niliyopewa ilikuwa ya Juni.

Nilimwuliza muuguzi pale dirishani, "Dada, sasa mpaka Juni nifanye nini?" Akanijibu kwa upole, "Mama, endelea na dawa." Nyuma yangu foleni ilikuwa imetoka hadi nje ya mlango, naye alikuwa peke yake. Simlaumu. Lakini maneno hayo matatu ndiyo yaliyoniumiza zaidi ya kitu kingine chochote mwaka ule.

Niliendelea na dawa. Vya hospitali vilipokwisha nikawa nanunua mwenyewe duka la dawa la mtaani, maana hakuna aliyeniambia nikomee wapi. Diklofenaki asubuhi, mchana na usiku, na siku mbaya naongeza ibuprofeni juu yake, nikiamini mbili zitashinda moja. Sikujua kwamba hizo mbili ni za ukoo mmoja na zinakula tumbo kwa njia moja. Mwezi Mei nikapata choo cheusi kama lami. Siku ya pili nikaona giza, nikaanguka mlangoni mwa kibanda, binti anayejifunza kazi kwangu ndiye aliyeniita bajaji. Tumbo lilikuwa linavuja damu. Nililazwa siku tatu, nikazuiwa vidonge vile, nikapewa vya tumbo. Ugonjwa huu wa pili niliupata nikiwa kwenye foleni ya ugonjwa wa kwanza, kwa kufuata maelekezo niliyopewa.

Usiku ndio ulikuwa mrefu. Nikilala chali mkono unawaka, nikilala ubavu unawaka zaidi. Nilikuja kugundua mwenyewe kwamba nikiinua mkono wa kulia nikauweka juu ya kichwa, maumivu yanapungua. Basi nikawa nalala hivyo, nimeegemea ukuta, kiganja utosini. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Bahi kutusaidia na watoto. Aliponiona alfajiri alishtuka. "Mwanangu, toa mkono kichwani. Unamlilia nani humu ndani?" Kwetu mkono kichwani ni msiba, hata mtoto akifanya mchezoni anagombezwa. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Huu mkono ndio unaonipa usingizi." Hakuridhika. Usiku uliofuata alikesha pembeni yangu, na kila nilipopitiwa na usingizi aliushusha ule mkono taratibu, kwa mapenzi kabisa, akiikinga nyumba na mabaya. Nami kila uliposhuka nikaamka. Asubuhi tulikuwa na macho mekundu wote wawili.

Naomba msomaji aukumbuke mkono huo, nitaurudia.

Juni ilipofika niliondoka nyumbani giza halijaisha. Wenyeji wa Dodoma wanaujua upepo wa Juni na Julai, unapita hadi kwenye mifupa. Nilijifunga kanga mbili shingoni. Saa kumi na mbili na nusu niko kwenye benchi. Saa nne tukatangaziwa kwamba usiku kulikuwa na ajali barabarani, daktari yuko chumba cha upasuaji na hatatoka leo. Hakuna mwenye akili atakayemlaumu daktari kwa kuokoa majeruhi. Tukapanga foleni upya dirishani kupewa tarehe nyingine. Yangu ikawa ya Agosti.

Kinachonisumbua ni hiki. Pale hospitali huwezi kulipa mpaka utumiwe kontroo namba kwenye simu, nayo inaingia ndani ya dakika moja. Namba yangu wanayo. Ya kila aliyekuwa kwenye benchi lile wanayo. Kulikuwa na mama na binti yake waliotoka Manyoni jana yake wakalala kwa watu wasiowajua vizuri, na mzee wa Kondoa aliyeletwa na kijana wake aliyeacha kibarua siku hiyo. Simu zinazoleta namba ya malipo zingeweza kuleta ujumbe wa saa kumi na moja alfajiri kwamba daktari ana dharura. Sisi wa mjini tungebaki majumbani.

Kwenye benchi hilo ndipo nilipokaa na kaka mmoja kutoka Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Alinisalimu, "Mbukwa," nikamwitikia, tukaanza kuongea. Miaka yote amebeba magunia ya mahindi pale sokoni, lumbesa juu ya kichwa na mabega, kutoka ghalani hadi kwenye lori. Shingo haikumuuma sana kama yangu, alisema imekaza tu. Kilichomleta ni mikono kuwa mizito na miguu kutomtii. Vifungo vya shati alikuwa anafungwa na mkewe. "Dada," akaniambia, "kandambili inanivuka njiani, mimi sijui. Naenda hatua kumi ndipo naona mguu uko mtupu, inabidi nirudi kuitafuta."

Nikamtazama miguuni. Ya kushoto alikuwa ameifunga kwa kamba ya katani kuzunguka kifundo, mafundo mawili, na ngozi chini ya kamba ilikuwa imechubuka mpaka imetoa majimaji. Hakuwa anaisikia.

Ilikuwa hivyo tangu Aprili. Naye alikuwa ameambiwa aendelee na dawa, tarehe Juni. Siku ile akapewa Agosti kama mimi, akafunga kamba vizuri, akaenda kupanda basi la Kibaigwa. Mimi sikujua, naye hakujua. Tulikaa pale watu wazima wawili tukionyeshana vidonge, na ukutani mbele yetu kulikuwa na bango la kunawa mikono na bango la utaratibu wa malipo, basi.

Agosti daktari alipomwona alimwambia kwamba kandambili ile ilitakiwa imrudishe hospitali siku ilipomvuka mara ya kwanza. Uti wa mgongo wenyewe, ile kamba kuu ya fahamu inayoshuka ndani ya pingili, ulikuwa umebanwa shingoni. Wiki mbili baadaye alikuwa Dar es Salaam anafanyiwa upasuaji. Nimeongea naye kwa simu mwezi uliopita. Anatembea kwa fimbo. Ameambiwa upasuaji umezuia hali isizidi, lakini kilichokwisha kupotea si rahisi kirudi chote. Gunia habebi tena. Mkewe ndiye anayechambua mahindi kwa kibarua pale pale sokoni.

Zamu yangu ya Agosti ilichukua kama robo saa. Daktari ni kijana, anaongea taratibu, na tangu saa mbili alikuwa hajanyanyuka kitini. Alinishika vidole akaniambia nimkaze nguvu zangu zote, kulia na kushoto. Alinigonga viwiko na magoti kwa kinyundo cha mpira. Akaniambia nitembee mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Kisha akauliza, "Mama, ukiweka mkono juu ya kichwa unapata nafuu?"

Nililia, Mhariri. Alidhani ameniumiza.

Akanieleza kwamba mkono ukiwa juu, mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni unalegea, kwa hiyo maumivu yanapungua, na ni dalili inayojulikana kwa madaktari. Mama mkwe wangu aliiona dalili hiyo miezi kadhaa kabla ya bingwa, akakesha akiipinga kwa sababu hakuna mtu aliyetuambia maana yake.

Alinitaka nipige picha ya MRI. Kadi yangu haikufika huko, nikauza mashine yangu ya ovaloki. Picha ikaonyesha alichokuwa ameshakisia kwa kunigusa tu. Shingo ina pingili 7, na kati ya nyingi kuna kitu laini wanachokiita diski, kinachozuia mfupa usisagane na mfupa. Yangu iliyo kati ya pingili ya 5 na ya 6 imetokeza pembeni na kuukandamiza mshipa unaokwenda kwenye kidole gumba na cha shahada. Alisema nguvu za mkono zipo, miguu ni mizima, sihitaji kisu kwa sasa, na wengi wenye tatizo kama langu hupona bila upasuaji kwa wiki kadhaa au miezi. Akaniandikia dawa nyingine ya mishipa ya fahamu ya kumeza usiku, ambayo haichokozi tumbo kama zile, akanipeleka kwa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Nikiwa kwenye daladala narudi nyumbani nikaanza kupanga aliyoniambia. Kuisoma ile picha kulihitaji bingwa, na kuamua kama nikatwe au nisikatwe kulihitaji bingwa. Mengine yote yangeweza kusemwa Machi pale dirishani, au hata Januari pale zahanati, na mtu yeyote aliyefundishwa kwa siku mbili. Kukaza vidole na kutembea mstari mmoja hakuhitaji umeme wala mashine.

Nalisema hili kwa sababu najua mabingwa hawataongezeka kwa barua ya fundi cherehani. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wetu wa Dodoma na watu milioni 2 na kidogo, ya 2022 ikatukuta zaidi ya milioni 3. Serikali imehamia hapa, majengo yamefika Mtumba na Ihumwa, na wagonjwa wa Singida, Kiteto na Gairo wanakuja huku huku. Daktari wa uti wa mgongo husomea miaka mingi baada ya udaktari wa kawaida. Foleni itakuwepo. Ninachoomba ni kwamba mtu aliyeko kwenye foleni ahesabiwe kuwa ni mgonjwa anayetibiwa tangu siku anapoandikiwa rufaa.

Kwanza apewe karatasi. Moja tu, kwa Kiswahili, herufi kubwa, aende nayo nyumbani akaisome na mwenzake. Iseme dawa gani za maumivu zisichanganywe na zimezwe kwa siku ngapi, na kwamba choo cheusi ni hatari. Iseme mambo ya kukurudisha hospitali leo hii bila kungoja tarehe: mikono inaangusha vitu au inashindwa vifungo, miguu inakuwa migumu au inayumba, kiatu kinakuvuka bila kujua, mkojo au haja kubwa inakukwama au inakutoka, homa na jasho la usiku na kukonda pamoja na maumivu ya shingo, kwa maana kifua kikuu nacho huingia kwenye pingili. Iseme ukija na moja ya hayo, mlinzi na muuguzi wakupitishe. Hiyo ya mwisho ni muhimu sana, kwa sababu mtu wa kijijini akishapewa tarehe haendi kabla ya tarehe. Anaona ni utovu wa adabu.

Halafu fizio. Machi ile ile nilipita mbele ya chumba chake, mlango wazi, nikauliza kama naweza kuanza. Nikaambiwa mpaka bingwa aandike. Kwa hiyo niliyoyapata Septemba nilikuwa nimeyapita kwa hatua tano mwezi Machi. Kwa mgonjwa ambaye mikono na miguu yake imepimwa ikaonekana ina nguvu, kwa nini asianze mazoezi mepesi siku ile ile anapopewa tarehe?

Nitaeleza alichonifanyia, maana kuna mafundi wengi watakaosoma hapa. Kabla ya yote aliniuliza nafanya kazi gani na nikae kitini nimwonyeshe. Nikakaa, nikainama kama niko kwenye cherehani. Akaweka kiganja chini ya kisogo changu akaniambia kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5, na kadiri unavyokiinamisha ndivyo mzigo wa shingo unavyozidi kuwa mkubwa, mara mbili, mara tatu na zaidi. Nilirudi nyumbani nikaweka nusu tofali chini ya kila mguu wa cherehani. Pedeli nayo ilipanda, kiti nikakipandisha kidogo, miguu ikazoea ndani ya wiki. Sasa kitambaa kinanijia usoni, mimi sikiendei tena. Nikitia bobini au kupinda mkononi, naegemeza viwiko juu ya mto mapajani.

Simu yangu inalia kila baada ya nusu saa. Ikilia nasimama, hata kama mteja ananitazama. Narudisha kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, kama mtu anayekwepa moshi wa jiko, nahesabu hadi tano, naachia, mara kumi. Nabana mabega nyuma. Binti wa kibandani anafanya na mimi, na yeye ana miaka 19, shingo yake bado nzima, nataka ibaki hivyo.

Mambo mengine niliyokuwa nayafanya alinikataza. Ndoo ya maji ya lita 20 kichwani ni kilo 20 juu ya pingili hizo hizo, sasa tunasukuma toroli. Mito miwili kitandani nikapunguza ukabaki mmoja. Ile kola ngumu ya shingo niliyoinunua Aprili na kuivaa mwezi mzima, kutwa na usiku, alisema ikivaliwa hivyo inafanya misuli ya shingo isahau kazi. Na mume wangu, kwa kunihurumia, alikuwa ameshapanga nikanyooshwe na kinyozi mmoja anayesifika kwa kugeuza shingo mpaka ilie. Namshukuru Mungu sikwenda. Shingoni ndimo inamopita mishipa ya damu inayolisha ubongo, na mshipa wa fahamu uliokwisha kubanwa ukigeuzwa ghafla unaweza kuumia zaidi.

Leo kidole gumba kimerudi karibu chote. Cha shahada bado kina ganzi kwenye ncha. Natunga uzi kwa mkono wa kushoto, polepole. Sare za msimu huu nilipokea nusu ya nilizozoea, na nyingine nikawapa mafundi wenzangu wa Majengo.

Naomba jambo moja pia kwa wanaopanga kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia, zilizoanza kuzunguka kwenye halmashauri mwaka 2024. Zimesaidia watu wengi, kina mama na watoto hasa. Katika kila kambi awekwe mtu wa fizio, na wahudumu wa zahanati waitwe nusu siku wafundishwe kukaza vidole vya mgonjwa na kumtembeza mstari. Kama jambo hilo lingefanyika Kongwa, kuna mtu mmoja nisingekuwa namwandikia habari zake.

Mhariri, jina langu lihifadhiwe, sitaki wauguzi wangu waone nimewasema. Najua pia hutaweza kuichapa barua yote. Ukilazimika kukata, kata habari zangu za cherehani na za tumbo. Ile ya kandambili naomba ibaki yote, pamoja na kamba. Gazeti lako linafika Kibaigwa, nimeliona likisomwa pale sokoni juu ya magunia, na wabebaji wanaopokezana gazeti lile ni wengi.

Fundi cherehani,
Chang'ombe, Dodoma